Magazeti ya Uingereza ni huru, sasa mbona wenyewe hawayaamini?

Swali linalokuja kila mara kutoka nyumbani: Uingereza kuna BBC, gazeti linamkejeli waziri mkuu na hakamatwi mtu, inakuwaje Waingereza wenyewe wanasema waandishi na wanasiasa wote ni waongo?

Wadau, ni kwa sababu wamewaona wakila sahani moja. Huko nyumbani tunashuku kwamba gazeti limezibwa mdomo. Huku wanashuku kwamba mhariri na mkubwa ni marafiki.

Chukueni udukuzi wa simu. Haukuhitaji utaalamu wowote. Ujumbe wa sauti ulikuja na namba ya siri nyepesi ambayo wateja wengi hawakuibadilisha. Mwandishi mmoja anapiga ili laini iwe bize, mwenzake anapiga palepale, anaangukia kwenye ujumbe wa sauti, anabonyeza namba, anasikiliza. Mwandishi mmoja wa News of the World alipokamatwa 2006, gazeti lilisema ni yeye peke yake aliyepotoka. Julai 2011 gazeti jingine, Guardian, likafichua kwamba hata simu ya binti wa miaka 13, aliyetekwa na kuuawa 2002, ilidukuliwa. Haikuisha wiki, News of the World, gazeti lenye umri wa miaka 168, likafungwa.

Sasa mtazameni mhariri wa News of the World. Andy Coulson alijiuzulu 2007 kwa kashfa hiyo. Mwaka huohuo David Cameron, kiongozi wa chama cha Conservative, akampa kazi ya mawasiliano ya chama, na 2010 akaingia naye ofisi ya waziri mkuu. Mwaka 2014 Coulson akafungwa miezi 18. Uchunguzi wa Jaji Leveson kuhusu mwenendo wa magazeti, ulioundwa baada ya kashfa hiyo, ulipangwa uwe na sehemu mbili; ya pili, iliyohusu pia magazeti na polisi, serikali ikaifuta 2018. Baada ya hapo utamwambia nini mtu wa kawaida?

Wabunge nao walianikwa 2009 kwa posho ya nyumba ya pili: leo nyumba hii ndiyo ya pili, inakarabatiwa kwa kodi ya wananchi, kesho ile nyingine. Kila mtu anakumbuka kibanda cha bata cha pauni 1,645 ambacho mbunge mmoja alidai alipiwe, wakati dai hilo lilikataliwa. Mbunge David Chaytor, aliyefungwa kweli kwa ankara za uongo, wachache wanamkumbuka. Hata hasira ina udaku wake.

Ukihamia huku usiviweke vyombo vyote kapu moja. Redio na televisheni zinabanwa na sheria zisiegemee upande, na Ofcom, msimamizi wa utangazaji, ina meno ya kupiga faini. Magazeti hayana sharti hilo, yanapigia vyama debe waziwazi. Gazeti likikuandika uongo, lalamika kwa gazeti lenyewe kwanza, kisha IPSO, chombo kinachosimamia magazeti mengi, kwa kawaida ndani ya miezi minne tangu lichapwe, na utaje kifungu cha 1 cha kanuni zao, cha usahihi. Malalamiko ya jumla jumla hayafiki mbali. Guardian na Financial Times hayamo IPSO, yana utaratibu wao. Na usishangae uongo ukitoka kwa herufi kubwa, masahihisho yakaja mistari mitatu ukurasa wa ndani.

Kwa wanasiasa kuna daftari la maslahi kwenye tovuti ya Bunge. Mbunge ana siku 28 kuandikisha kazi za pembeni na zawadi zinazozidi pauni 300. Akisimama kutetea kampuni za kamari, fungua jina lake uone tiketi zake za mpira zililipwa na nani.