Uhakiki wa filamu kwenye majarida: anza na kile mhakiki asichokieleza

Mkuu, umesema mwalimu amewapa kazi ya kuchambua jinsi uhakiki wa filamu kwenye majarida mawili ya Uingereza unavyowavuta wasomaji wake, na umekwama kwenye "lugha rahisi, picha nzuri, rangi za kuvutia". Walimu wameshaichoka hiyo sentensi. Nami nimesomea habari na kazi kama yako niliifanya kwa majarida ya filamu Empire na Sight and Sound, kwa hiyo nakupa njia niliyoitumia mimi.

Chukua kalamu, soma aya ya kwanza tu, zungushia kila jina na kila neno la kitaalamu la sinema ambalo mhakiki hakulieleza. Msomaji anayelengwa yupo humo. Empire, lililoanza 1989, likimtaja muongozaji mara nyingi linakukumbusha filamu yake iliyovuma, linatupia utani, linasonga mbele. Linamwona msomaji kama mpenzi wa sinema asiyetaka kuwekwa darasani. Sight and Sound lenyewe linaweza kutaja waongozaji wa Kifaransa na Kijapani wa miaka ya 1950 bila kukuambia ni akina nani. Halijasahau. Msomaji wake anapenda kuhesabiwa miongoni mwa wajuzi, na ukimfafanulia sana ataona unamdharau. Hili ni jarida la tangu 1932, linatolewa na British Film Institute (taasisi ya filamu ya Uingereza), na tangu 1952 huendesha kura ya filamu bora kila baada ya miaka 10.

Jambo lingine lililonisaidia sana: hadithi inasimuliwa mpaka wapi? Kwa miaka mingi Sight and Sound lilichapisha muhtasari wa filamu nzima, mwisho wake ukiwemo, pamoja na orodha ndefu ya walioitengeneza. Empire likithubutu hivyo kwenye filamu mpya, barua za matusi zitajaa ofisini! Msomaji wa Empire bado anajiuliza kama anunue tiketi. Yule mwingine anaweza kusoma akiwa ameshaiona, au anaweka kumbukumbu. Ukiandika hilo na ushahidi wa aya husika, tayari una nusu ya kazi.

Kwenye alama, usiseme tu "wametumia nyota". Empire linatoa nyota hadi 5 na hukumu fupi mwishoni, ili hata mwenye haraka aondoke na jibu. Little White Lies, jarida jingine la Uingereza la tangu 2005, limegawa alama mara tatu: matarajio kabla ya kuingia, raha ukiwa ndani, na tathmini ukishatulia. Tuseme filamu imepata 4, kisha 2, kisha 3. Hujasoma neno hata moja na umeshajua mhakiki aliingia na hamu, akachoshwa, halafu akailainikia kidogo akiwa njiani kurudi nyumbani. Msomaji anaambiwa kwamba hisia zake nazo zina uzito. Mimi hili ndilo ninalolipenda kulichambua kuliko yote.

Picha zenyewe usizimalizie ukurasa. Soma maandishi madogo chini yake: kwenye Empire mara nyingi ni mzaha, kwenye Sight and Sound ni jina la mwigizaji na filamu, basi. Tupia jicho na matangazo ya jirani, maana mwenye kulipia tangazo ameshajua nani anasoma.

(Ukikutana na uhakiki wa Variety la Marekani, kumbuka hilo ni la watu wa biashara ya burudani tangu 1905. Ndiyo maana linazungumzia filamu itauzika wapi na kwa nani.)

Sasa, umesema unataka kulinganisha Empire na Total Film. Ningekuwa wewe ningeacha. Total Film, lililoanza 1997 na kufungwa 2024, lilikuwa likigombea wasomaji walewale, kwa hiyo utajikuta unaandika "vilevile" kila aya. Chukua Empire na Little White Lies, tafuta filamu moja ambayo yote mawili yameihakiki, kisha bandika hapa aya zao za kwanza tuzizungushie pamoja.