Kwa mhadhiri mpya wa fasihi: chagua siku moja, usiikose

Mhadhiri mmoja kijana hapa Moshi kaniuliza juzi nilianzaje kazi za jamii, maana fomu ya kupanda daraja ina kisanduku chake na yeye hana cha kuandika. Nikamwambia ukweli: nilianza vibaya.

Niliomba chumba cha mikutano kule Kiboriloni, nikabandika tangazo la mhadhara wa ushairi, Alhamisi saa kumi jioni. Nikavaa na suti. Wakaja watu saba, watano kati yao akina mama wa sokoni waliokuwa wanakimbia mvua. Nikamwaga vina na mizani nusu saa nzima. Nilipouliza kama kuna swali, mama mmoja muuza ndizi akafungua pindo la kitenge, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Mwalimu, si unajua maneno magumu wewe? Hebu nisomee na hii."

Mkataba wa mkopo, hii mikopo tunayoiita kausha damu. Dole gumba alishaweka, na dhamana ni cherehani yake. Nikausoma kwa sauti hadi hapa: rejesho likicheleweshwa, ada itaongezwa na dhamana itachukuliwa. Nikakwama. Miaka yote nafundisha kwamba kauli ya kutendwa humficha mtenda. Wanafunzi wananakili, nasahihisha, yameisha. Siku ile kiambishi -w- cha kutendwa kilikuwa kinaondoka na cherehani ya mtu. "Itaongezwa na nani?" akauliza mama. "Shilingi ngapi? Wanakuja kuichukua mchana au usiku?" Mhakiki pale alikuwa yeye, mimi msomaji tu.

Kwa hiyo usiende na mada yako mfukoni. Nenda na miwani, kalamu na subira. Wala usijifanye wakili. Mimi nilimtafuta mwanasheria, akatueleza kwamba chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 mkopeshaji lazima awe na leseni. Tangu hapo swali letu la kwanza ni moja: leseni iko wapi?

La pili ni siku. Mimi nilishika Alhamisi. Niliwahi kukosa mbili mfululizo kwa sababu ya kongamano (lililokuwa na chai nzuri kuliko mada), niliporudi nikakuta viti na mlinzi. Ilichukua karibu miezi mitatu watu kurejea. Mtu aliyemwachia jirani genge lake ili aje kukuona, ukimkosa mara mbili, hana haja na udhuru wako.

Darasani nako mambo yalibadilika. Wanafunzi wetu wanaishi kwa madesa, wanameza uchambuzi wa mtu mwingine na kuutapika kwenye mtihani. Sasa kazi ya kwanza ya muhula nawapa tiketi ya basi au tangazo la msiba: nani anasema, nani hakutajwa? Hayo hayana desa. Kusahihisha kunachosha, insha 180 kwa wiki mbili, na kwenye kila moja naandika swali badala ya "vizuri". Mimi sijuti. Mke wangu ana maoni yake.

Wapo watakaokwambia hiyo si taaluma. Waulize kuhusu Penina Muhando na Amandina Lihamba, maprofesa wa sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walioanzisha mradi wa TUSEME mwaka 1996: wasichana wa sekondari wakachambua matatizo yao ya shuleni wenyewe, wakayaigiza mbele ya walimu wao.

Na kile kisanduku? Nilipokijaza, mkuu wangu wa idara wa wakati huo aliniita, akauliza kusoma mikataba ya mikopo kunahusiana nini na fasihi. Nikamwachia nakala moja mezani, majina nimeyafuta. Kesho yake akaja ofisini kwangu, akafunga mlango, akatoa wa kwake.