Mimba ni tusi? Jibu kwa mkunga anayeandika kipeperushi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi mkunga. Naandaa kipeperushi cha akina mama wanaoanza kliniki, kinachoeleza jinsi mwili unavyobadilika hadi siku ya kujifungua. Mwenzangu amefuta neno "mimba" kila mahali akaweka "ujauzito". Anasema mimba ni neno la matusi. Je, ni kweli? Na wingi wa mjamzito ni "wajamzito" au "wajawazito"?

JIBU: Marahaba. Nianze na la mwisho, maana ndilo litakalotufungulia la kwanza.

Mja ni mtu, kiumbe wa Mungu. Mzito ni sifa yake. Hata tunapoyaandika kama neno moja, sehemu zote mbili bado zinabeba kiambishi chake, hivyo wingi huzigusa zote: waja wazito, yaani wajawazito, kama mwanamke na wanawake. Hali yenyewe nayo inadai u- mara mbili: uja uzito, ujauzito. "Wajamzito" na "ujamzito" ni makosa, hata kama umeyaona ukutani kwenye zahanati.

Sasa sikiliza neno "mjamzito" linamtaja nani. Linamtaja mtu. Mimba inataja kilichotungwa ndani. Mfugaji husema ng'ombe wake ana mimba, na mkulima husema mpunga umebeba mimba unapokaribia kutoa masuke, lakini sijamsikia mfugaji akisema ng'ombe wake ni mjamzito. Heshima ya "mjamzito" inatoka hapo: humtanguliza mama, kisha hali yake. Mimba haijawahi kuwa tusi. Imepata sura mbaya kwa sababu tunaisikia sana penye lawama: fulani kampa mimba binti wa watu, fulani kaikana mimba. Lawama ni ya tendo, na neno halina hatia.

Kwa hiyo mwambie mwenzako arudishe baadhi ya alizofuta. Habari ikiwa ya mwili wa mama, andika ujauzito: "Wakati wa ujauzito damu ya mama huongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, na moyo wake husukuma kwa nguvu zaidi." Au: "Katika ujauzito mfuko wa uzazi, ambao kwa kawaida una gramu 70 hivi, hukua hadi karibu kilo 1." Habari ikiwa ya kile kilichotunga, acha mimba ikae mahali pake: mimba changa, mimba imetunga, mimba imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Ukisema "ujauzito umetunga", sikio la mzawa linashtuka. Penye umri, yote mawili yanafaa: mimba ya miezi saba, ujauzito wa miezi saba.

Hukuniuliza kuhusu maneno ya dalili, ila kwa kuwa ni kipeperushi cha mwili siwezi kuyaruka. Usiandike "ugonjwa wa asubuhi". Kiswahili kina kichefuchefu, na hakikulifunga neno hilo kwenye saa. Ni vizuri, kwa sababu moyo wa mjamzito unaweza kuchefuka hata jioni, naye akisoma "asubuhi" atadhani lake ni jambo la ajabu. Kile kinachochoma kifuani kwa sababu homoni zimelegeza misuli ya mlango wa juu wa tumbo na tindikali ikapanda kooni ni kiungulia. "Kuungua moyo" ni habari ya mapenzi. Na pale mama anapohisi kitu kinagusagusa ndani, mara nyingi kati ya wiki ya 16 na ya 20, akina mama wenyewe husema mtoto anacheza. Usitafute neno la kitaalamu zaidi ya hilo. Hakuna lililo zuri kama hilo.

Ukiwa Mombasa utasikia "utungu" pale unapozoea "uchungu" wa kuzaa. Ni neno lilelile: Kimvita, lahaja ya Mombasa, husema t mahali pengi ambapo Kiunguja, lahaja iliyozaa Kiswahili sanifu, husema ch, kama mato na macho. Andika uchungu kwa kuwa ndilo sanifu, lakini mama akikwambia ana utungu, usimsahihishe. Mwandalie kitanda.

Kuna jambo moja ninalokuomba ulisimamie kwa nguvu zote. Kwenye ukurasa wako wa mwisho, kama ulivyonitumia, umeandika: "Mama aliyewahi kutoa mimba amweleze mkunga." Najua ulikusudia pia aliyepoteza mimba bila kutaka. Lakini kutoa ni tendo la mtu. Kutoka na kuharibika humtokea mtu. Mama aliyelia usiku kucha akimlilia mtoto ambaye hakumwona atasoma sentensi hiyo na kujiona anashtakiwa. Au atanyamaza asikueleze, na wewe ulihitaji kujua. Andika hivi: "Kama mimba yako iliwahi kuharibika au kutoka, au kama uliwahi kuitoa, mweleze mkunga wako. Hatalaumiwa mtu."