Kaka kakatika miguu jeshini Marekani, hela ya nyumba itafika Tanga?

SWALI: Shikamoo dada. Niko Ngamiani, Tanga. Kaka yangu alikwenda Marekani kwa green card akaingia jeshini huko, bomu likamkata miguu yote miwili. Sasa anataka kurudi kuishi nyumbani. Anasema kuna hela ya serikali ya kule ya kujengea nyumba ya mtu wa wheelchair. Ni mkopo? Na itafika huku? Kiwanja kipo, cha jina la mama.

JIBU: Marhaba mdogo wangu, na poleni sana nyumba nzima. Si mkopo, hailipwi. Inatoka idara ya maveterani ya Marekani, VA, na aliyepoteza miguu yote kwa ajili ya utumishi wa jeshi ndo hasa aliyekusudiwa. Kwa mwaka wao wa fedha ulioanza Oktoba 2024 kikomo kilikuwa dola 121,812, kila Oktoba wanakipitia upya kufuata gharama za ujenzi, na si lazima aimalize yote kwa mara moja.

Kufika Tanga inaweza, sheria yao inawaruhusu kumsaidia anayeishi nje, ila uamuzi ni wao na wanataka nchi husika iwe inamruhusu kumiliki na yeye mwenyewe awe na haki kwenye hiyo nyumba. Hapo kwenye jina la mama ndo naona tatizo! Najua kuliongea hilo na mama ni kazi, atahisi ananyang'anywa, lakini liongeeni sasa mkiwa mmekaa pamoja. Na muulize kaka, bado ni raia wetu au kashachukua uraia wa kule? Maana sisi mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimbana asiye raia, akapewa ardhi kwa uwekezaji tu. Kama kashachukua, nendeni ofisi ya ardhi mkaulizie hadhi maalumu ya diaspora kabla hamjagusa kitu.

Fomu ni namba 26-4555, aombe yeye mwenyewe. Msimwage hata lori la mchanga kabla hajajibiwa.

Ramani ikichorwa muwe wakali. Nyumba zetu zina baraza refu na ngazi tatu nne, sasa kila futi moja ya kupanda inataka futi 12 za mteremko, kwa hiyo afadhali msingi uwe chini toka mwanzo. Milango iwe mipana, na choo cha kukaa chenye nafasi ya kugeuza kiti, aingie kuoga mwenyewe bila kumwita mtu.