Aproni yenye kiraka

Wiki iliyopita niligusia kifo cha Catherine Eddowes, aliyeuawa London usiku wa kuamkia 30 Septemba 1888. Wengi humhesabu kati ya wahanga wa Jack the Ripper, ambaye mpaka leo hajulikani. Simu yangu haijapumzika.

Shikamoo mzee. Kipande cha aproni yake kiliokotwa mtaa mwingine. Walijuaje ni chake? (Kondoa)

Marahaba. Kiraka ndicho kilichosema. Daktari wa polisi, Dk. Frederick Gordon Brown, alikilaza kipande kile kwenye aproni iliyobaki kwa marehemu, na mishono ya kiraka ikakutana. Kata kitenge chenye kiraka, umpelekee fundi cherehani yeyote pale soko la Majengo: atakuunganishia vipande huku anapiga soga.

Na maandishi ya chaki ukutani, juu ya kile kipande, ni ya muuaji? (Manyoni)

Hapa ndipo watu wanapokimbia kuliko ushahidi. Mwili ulionekana Mitre Square saa 7:44 usiku. Kipande, chenye damu, Konstebo Alfred Long alikikuta Goulston Street saa 8:55. Alisema alipopita saa 8:20 hakikuwepo. Kwa hiyo muuaji alirudi upande wa Whitechapel, mitaa ya mashariki mwa London, kwenye polisi tele, wala hakuukimbia. Hilo nalikubali. Chaki ni habari nyingine. Mkuu wa polisi, Charles Warren, aliamuru ifutwe kabla ya kupigwa picha, akihofia Wayahudi, waliotajwa humo, wangeshambuliwa, na askari walioyanakili maneno yale hawakuyaandika namna moja. Kitambaa kuangukia chini ya maandishi hakuvifanyi kuwa ndugu.

Kwa nini hawakupima damu? (Mpwapwa)

Kwa kipimo gani? Mbinu ya Paul Uhlenhuth ya kutofautisha damu ya mtu na ya mnyama ilikuja 1901, mwaka uleule Karl Landsteiner alipotangaza makundi ya damu. Na mitaa ile ilijaa wachinjaji. Shati lenye damu halikumshtua mtu.

Si vinasaba vya kwenye shali vimeshamtaja muuaji? (Nkuhungu)

Mimi siinunui. Shali ile, inayodaiwa kuwa ya Eddowes na iliyovuma 2014 na tena 2019, haimo kwenye orodha ya polisi ya mali za marehemu, nao waliandika hadi vipande vya sabuni. Imeshikwa na mikono mingi mno. Halafu vinasaba vilivyotumika ni vile vya upande wa mama, ambavyo watu chungu nzima wasiojuana huwa navyo sawa. Ukipeleka kielelezo cha namna hiyo mahakamani hapa Dodoma, wakili wa utetezi ataanza na swali moja: kilikuwa kwa nani miaka yote hiyo?