Kwa nini Zuhura ina joto kuliko Utaridi

Ndugu, umeuliza inakuwaje Zuhura iishinde Utaridi kwa joto, ilhali Utaridi ndiyo iliyo karibu zaidi na Jua. Siri iko kwenye hewa. Utaridi haina angahewa ya maana: mchana hufika nyuzi 430 hivi za Selsiasi, usiku joto lote hutoroka na kushuka hadi 180 chini ya sifuri.

Zuhura imejifunika blanketi zito, takriban asilimia 96 kabonidayoksaidi. Mwanga kidogo unaopenya mawingu yake ya asidi ya salfa huipasha ardhi, lakini joto likitaka kutoka hunaswa na gesi hiyo. Ndiyo maana nyuzi ni kama 465, mchana na usiku. Madini ya risasi yangeyeyuka hapo! Kanieneo, yaani mgandamizo wa hewa, nayo ni zaidi ya mara 90 ya ile ya Dunia, sawa na kuzama karibu kilomita moja baharini.

Chombo cha Kisovieti Venera 13 kilitua huko mwaka 1982 kikadumu dakika 127. Mimi naona kilijitahidi sana, maana kilitengenezwa kustahimili dakika 32 tu.