Waugh hakukosea, Laxman alizidi

Ndugu yangu wa Shela, umeuliza iwapo nahodha wa Australia, Steve Waugh, ndiye aliyeipoteza mechi ya kriketi ya Testi (ile ya siku tano) dhidi ya India huko Kolkata mwaka 2001 kwa kuilazimisha India ipige tena papo hapo baada ya zamu yake ya kwanza. Kwangu mimi lawama hiyo haimstahili, kwani Australia ilikuwa mbele kwa mikimbio 274, na nahodha yeyote angeshawishika. Kilichogeuza mambo ni India kumpandisha mpigaji wake Laxman hadi nafasi ya tatu katika mpangilio wa kupiga na kumshusha mwenzake Dravid hadi ya sita. Siku ya nne nzima hakutolewa hata mmoja wao, na Waugh, kwa kuishiwa na mbinu, akampa mpira hata Langer, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga, si kurusha. Laxman alifikisha mikimbio 281, Dravid 180.